Wapandaji wa Majabali

Mtu akisimama Ifakara asubuhi, ukungu wa bonde ukiwa umekwisha kutawanyika, na akielekeza macho yake upande wa kaskazini-magharibi, huiona milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta mkubwa. Chini ya ukuta huo nchi ni tambarare kama sakafu ya nyumba. Mashamba ya mpunga yameenea kila upande, na mto Kilombero hupita polepole kwa kujipindapinda, na wakati wa masika hufurika ukafunika nchi kubwa kwa maji. Lakini tambarare hiyo hukoma ghafula, na papo hapo mlima huanza. Mji wa Ifakara hauinuki hata mita 300 juu ya bahari, bali kilele kirefu kuliko vyote vya Udzungwa hupita mita 2,500.

Wenye elimu ya mawe husema kwamba zamani za kale ardhi ya hapa ilipasuka. Upande mmoja wa ufa ukadidimia, ukawa bonde. Upande wa pili ukabaki juu, ukawa mlima. Kwa hiyo milima hii haina mteremko wa taratibu kwa upande wa bonde. Mahali pengine mwamba umesimama wima, na mito itokayo msituni hukosa njia ya kushuka ila kwa kuruka. Mto Sanje huanguka hivyo kiasi cha mita 170, kwa maporomoko matatu, na mvuke wake mweupe huonekana toka mbali.

Tangu mwaka 1992 milima hii imekuwa hifadhi ya taifa. Hakuna barabara ya motokaa ndani yake. Mgeni afikaye Mang'ula huingia msituni kwa miguu, akifuatana na kiongozi. Akitaka kufika kilele cha Mwanihana hana budi kulala msituni kabla ya kurudi.

Walakini kupanda mlima kwa njia ni jambo moja, na kuparamia jabali ni jambo jingine. Apandaye kwa njia hutumia miguu yake, na akichoka hukaa kitako akapumzika. Aparamiaye jabali hutumia mikono na miguu pamoja, na nyuma yake hakuna kitu ila hewa. Somo hili ni habari za watu wa namna hiyo, kazi yao, na mambo waliyojifunza juu ya mwamba.

Jambo la kwanza ambalo mpandaji hujifunza ni kulijua jiwe. Mawe si mamoja. Mlima wa Kilimanjaro una vilele viwili vikubwa, Kibo na Mawenzi. Kibo ndicho kirefu zaidi, lakini mtu mwenye afya aweza kukifikia kwa kutembea. Mawenzi ni kifupi, nacho kina mita 5,149, lakini ni magenge matupu yaliyochongoka, na mwamba wake umeoza. Mtu akilishika jiwe laweza kumbakia mkononi. Kwa sababu hiyo Kibo kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, lakini Mawenzi haikupandwa mpaka mwaka 1912, wakati Eduard Oehler na Fritz Klute walipofika juu yake. Basi mpandaji mwenye busara hulipiga jiwe kwa kiganja kabla ya kuliamini, kama vile mama apigavyo chungu sokoni kwa kidole ili asikie kama kina ufa.

Jambo la pili ni kusimama vyema. Mtu ana mikono miwili na miguu miwili, na juu ya jabali vitatu katika hivyo vinne havina budi kuwa imara daima. Akitaka kuhamisha mkono mmoja, miguu yote miwili na mkono wa pili hukaa mahali pao. Akitaka kuinua mguu, mikono yote miwili hushika. Asiyejua hujivuta kwa mikono, na kwa muda mfupi vidole vyake huchoka vikalegea. Ajuaye husimama kwa miguu, na mikono yake humzuia tu asiyumbe. Wazee walisema: Mwenda pole hajikwai. Methali hiyo ni kweli njiani, na juu ya jabali ni kweli zaidi.

Jambo la tatu ni kamba, nalo ndilo kubwa. Wapandaji wawili hufungana kwa kamba moja, kila mtu ncha yake. Mmoja hutangulia; mwenzake hubaki chini, amejifunga kwenye mwamba ulio imara, na mikononi mwake huiachia kamba kidogo kidogo. Atanguliaye, akipata ufa katika mwamba, hutia humo kabari ya chuma, na katika kabari hiyo hutundika pete, na katika pete hupitisha kamba. Hivyo akiteleza hataanguka mpaka chini. Ataanguka kupita kabari yake kidogo, kisha kamba itakaza, na mwenzake atamzuia. Akifika mahali pazuri pa kusimama, yeye naye hujifunga, na mwenzake hupanda. Wa kwanza amekuwa mlinzi wa wa pili, kama vile wa pili alivyokuwa mlinzi wa wa kwanza.

Watu wa Kilombero wanaijua kazi ya namna hii, ingawa wao huifanya majini. Katika mtumbwi mmoja husimama mbele na upondo, na mwingine hukaa nyuma na kasia. Wa mbele akikosea, wa nyuma hurekebisha. Wa nyuma akilala, wote wawili ni chakula cha mamba. Tofauti yake ni hii tu, kwamba mtumbwi wa wapandaji ni kamba.

Katika Afrika ya Mashariki hakuna mahali palipojulikana kwa kazi hii kama Mlima Kenya. Magharibi ya mlima huo uko mji wa Nanyuki, mahali pa juu, zaidi ya mita 1,900, penye baridi usiku na upepo mkavu mchana. Mstari wa Ikweta hupita hapo. Kwa upande mmoja wa mji nchi ya Laikipia imeenea, yenye nyasi kavu na migunga. Kwa upande wa pili mlima umeinuka, una msitu chini, mianzi juu yake, na juu kabisa mawe na barafu. Zamani mlima huu ulikuwa volkano mrefu zaidi. Moto wake ulipozimika, uji wa mawe uliganda katika koo lake ukawa mgumu sana. Kisha mvua na barafu zikala udongo na mawe laini yaliyouzunguka, na lile koo gumu likabaki limesimama peke yake. Vilele vyake viwili vikubwa huitwa Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Majina hayo yametokana na wakuu wa kale wa Wamasai. Kilele cha tatu, Lenana, kina mita 4,985, nacho hufikika kwa kutembea.

Mtu wa kwanza ambaye habari zake zimeandikwa kwamba alifika juu ya Batian ni Mwingereza Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia. Alifuatana na viongozi wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa Courmayeur katika Italia, na wapagazi wengi wa Kiafrika waliochukua mizigo. Mara ya kwanza walishindwa, na mara ya pili vilevile. Chakula kilikuwa kimewapungukia. Mara ya tatu walipita juu ya barafu ngumu kiasi kwamba kila hatua ilikuwa ya kuchongwa kwa shoka. Tarehe 13 Septemba 1899, karibu na adhuhuri, watatu hao walisimama juu. Ikapita miaka thelathini pasipo mtu mwingine kufika, mpaka Januari 1929, wakati Eric Shipton, kijana wa miaka 21, na mwenzake Wyn Harris walipopanda Nelion kwanza, kisha wakavuka mpaka Batian.

Lakini katika habari zote za Nanyuki hakuna ipendezayo kama ile ya mwaka 1943. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waitalia wengi waliotekwa katika nchi ya Uhabeshi waliletwa Kenya, na baadhi yao waliwekwa katika kambi karibu na Nanyuki. Mmoja wao aliitwa Felice Benuzzi. Siku nyingi mlima ulifichwa na mawingu. Kisha siku moja mawingu yakafunguka, naye akauona. Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alikuwa mfungwa, hana kazi, hana tumaini la vita kwisha upesi, na siku zake zilipita bure. Akasema moyoni mwake kwamba atatoka kambini, atapanda mlima ule, kisha atarudi.

Akapata wenzake wawili: Giovanni Balletto, ambaye alikuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Kwa muda wa miezi mingi walijitengenezea vifaa kwa siri. Nyundo walizigeuza kuwa mashoka ya barafu. Vipande vya chuma cha motokaa na vya seng'enge vikawa meno ya kufunga chini ya viatu. Kamba zao walizipata katika nyavu za katani za vitanda. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo. Ramani hawakuwa nayo. Picha ya mlima iliyobandikwa juu ya kopo la nyama ndiyo waliyoisoma.

Mwezi wa Januari 1943 walitoka, wakafuata bonde la mto, wakapita msituni penye tembo na nyati. Huko juu Barsotti akaugua, ikawa lazima abaki katika hema. Benuzzi na Balletto wakaliendea jabali la Batian. Walipanda saa nyingi, na kilele hakikuwa mbali sana kwa macho. Ndipo theluji ikaanza kuanguka, mwamba ukawa mtelezi, na vidole vikafa ganzi. Mbele yao palikuwa na sifa. Nyuma yao palikuwa na mwenzao mgonjwa, na kamba ya katani iliyokusudiwa kulaliwa. Wakashauriana, kisha wakageuka wakarudi chini.

Baada ya kupumzika walipanda Lenana, na tarehe 6 Februari wakasimamisha bendera ya nchi yao juu yake. Wakarudi kwa Barsotti, nao wote watatu wakashuka kwa njaa kali, kwa maana chakula kilikuwa kimekwisha. Walifika kambini baada ya siku kumi na nane, wakajisalimisha. Hukumu yao ilikuwa kufungwa siku ishirini na nane, lakini mkubwa wa kambi, kwa kupendezwa na kitendo chao, aliwapunguzia zikawa saba. Wengine wamesema kwamba Waitalia hao walishindwa, maana hawakufika Batian. Lakini afikiriye vyema ataona kwamba saa yao kubwa kuliko zote ilikuwa ile waliyogeuka. Kupanda huhitaji moyo; kugeuka karibu na mwisho huhitaji moyo mkubwa zaidi.

Baadaye mlima huu ulipandwa na watu wa nchi zote. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, Kisoi Munyao aliisimamisha bendera ya nchi yake juu ya Lenana, katika baridi kali. Na miaka miwili kabla yake, Tanganyika ilipopata uhuru, Alexander Nyirenda alikuwa amekwisha kuusimamisha Mwenge juu ya Kilimanjaro.

Mwezi wa Septemba 1970 vijana wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, wote waganga, walifika juu ya Batian salama. Walikuwa wameanza kushuka. Judmaier alilishika jiwe kubwa, na jiwe likang'oka. Akaanguka nalo. Oelz akaishikilia kamba kwa nguvu zake zote mpaka ikakaza, na mwenzake akazuiwa katika ukuta wa mwamba. Alikuwa hai, lakini mguu wake ulikuwa umevunjika, na mfupa umetokeza nje.

Oelz alimfunga jeraha akamlaza katika ukingo mwembamba wa mwamba, kisha, kwa kuwa hakuna njia nyingine, akamwacha peke yake na kushuka kutafuta msaada. Tafakari, msomaji, usiku wa mtu yule aliyelala katika baridi ya zaidi ya mita 5,000, pasipo kujua kama mtu atakuja. Lakini Oelz alirudi. Alirudi na dawa na chakula, akakaa karibu na mwenzake. Nyuma yake wakaja wapandaji wa Kenya, watu wasiolipwa ujira, walioacha kazi zao na nyumba zao. Siku zikapita, theluji ikaanguka, kumshusha mgonjwa katika magenge yale ilikuwa kazi ngumu mno. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka, na rubani wake akafa. Mtu huyo hakuwa ndugu yake Judmaier wala rafiki yake. Alikwenda kwa sababu mtu alikuwa taabuni.

Habari zilipofika Austria, baba yake Judmaier aliomba msaada kwa wapandaji hodari wa mji wa Innsbruck. Nao wakapanda ndege, wakafika Kenya, wakapanda jabali, wakamfunga mgonjwa vyema, wakamteremsha kwa kamba mpaka chini. Alikuwa amekaa juu ya mwamba zaidi ya juma moja. Aliishi.

Yafaa kuangalia kwamba Judmaier hakuanguka wakati wa kupanda. Alianguka wakati wa kushuka, baada ya kufika kilele. Ndivyo ilivyo kwa wengi. Mtu akipanda huwa na hofu, na hofu humfanya aangalie. Akiisha kufika juu hufurahi, na furaha humsahaulisha. Kumbe safari yake ni nusu tu. Wazee walikwisha kusema: Mpanda ngazi hushuka.

Siku hizi barafu ya Mlima Kenya imepungua sana kwa sababu ya kuongezeka kwa joto la dunia, na mahali pengine walipochonga hatua watu wa zamani pamebaki mawe tu. Lakini mwamba upo, na wapandaji wangali wakienda. Wanaoanza hawaendi kule moja kwa moja. Hujifunza kwanza katika majabali mafupi, kama yale ya Lukenya karibu na Mto Athi, pamoja na mtu ajuaye, mpaka mikono yao imezoea kamba, na macho yao yamezoea kutazama chini.

Na mtoto wa Kilombero afanye nini? Milima ya Udzungwa iko mbele yake kila siku, na ni haki yake kuipenda. Akienda Sanje na wenzake, afuate kiongozi na njia iliyotengenezwa. Mawe ya kando ya maporomoko huloweshwa na mvuke mchana na usiku, nayo huota kuvu mbichi. Mtu haoni utelezi mpaka amekwisha kuteleza. Kijana akiwaambia wenzake, "Nitazameni," akaliparamia jiwe hilo pasipo kamba wala mlinzi, huyo si hodari. Hodari ni yule asemaye, "Ndugu zangu, hapa hapafai, turudi," ingawa wengine wamcheke.

Watu wengi hudhani kwamba jabali hushindwa kwa nguvu za mikono. Habari hizi zaonyesha kwamba hushindwa kwa mambo mengine: kulijua jiwe kabla ya kuliamini, kwenda polepole, kugeuka kwa wakati, na kutoiachia kamba yenye uzima wa mwenzako. Mwenye mambo hayo aweza kupanda mlima wowote, hata ule usio wa mawe.

MASWALI

1. Kwa nini milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta kwa upande wa bonde?
2. Kibo ni kirefu kuliko Mawenzi. Kwa nini basi Mawenzi ni kigumu zaidi kupandwa?
3. Eleza kazi ya yule abakiye chini wakati mwenzake anapotangulia kupanda.
4. Vilele vya Batian na Nelion vilitokeaje?
5. Benuzzi na wenzake walitengeneza vifaa vyao kwa vitu gani? Taja vitatu.
6. Je, Waitalia walishindwa au walishinda? Toa sababu zako.
7. Wapandaji wa Kenya na yule rubani walimwendea Judmaier, naye hakuwa ndugu yao. Andika habari ya mtu wa kijiji chako aliyemsaidia mtu asiyemjua.
8. Eleza maana ya methali hizi: Mwenda pole hajikwai. Mpanda ngazi hushuka.